Mpangaji wetu na sisi tuliumia pamoja kwa sababu hatukuwahi kuongea

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nijibu barua za wapangaji ambazo huwa nazisoma, zile za kutulalamikia sisi wenye nyumba tunaoishi nje ya nchi, kwamba kazi yetu ni kupokea hela tu, bomba likipasuka hatuonekani, paa likivuja hatuonekani, ila kodi ikichelewa siku tatu simu inaita mpaka inachemka. Siandiki ili nibishe. Mimi nina miaka 11 nje, na kwa miaka 7 kati ya hiyo nyumba ya wazazi wetu imekuwa ikipangishwa, na mengi wanayosema wapangaji ni kweli kabisa. Ila kuna kitu nimekiona kwa macho yangu na kimeniuma, kwamba unaweza kukuta mpangaji anamchukia mwenye nyumba na mwenye nyumba anamchukia mpangaji miaka mitatu mizima kumbe wote wawili wanaumizwa na jambo moja, na hakuna anayejua kwa sababu hawajawahi hata siku moja kusikia sauti ya mwenzake.

Nianzie mwanzo ili nieleweke. Baba alipofariki mama alienda kuishi kwa dada yetu mkubwa kwenye mji mwingine kwa ajili ya matibabu, sisi wadogo watatu tulikuwa tushatawanyika nchi tofauti, nyumba ikabaki imefungwa. Aliyewahi kufunga nyumba anajua, nyumba isiyokaliwa inakufa haraka kuliko ile yenye watoto wanaoruka kwenye makochi. Ile kona ya bomba chini ya sinki inakauka maji, harufu ya shimo inapanda ndani, mipira ya koki inakakamaa, mchwa wanaingia na hakuna wa kuwaona, na hata kama una bima soma vizuri masharti yako maana bima nyingi zinakata sehemu ya ulinzi nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60 mfululizo. Sisi tulifungua baada ya miezi minane tukakuta mlango wa nyuma umeliwa na mchwa mpaka katikati. Ndo tukakubaliana ndugu wanne tupangishe, kodi imsaidie mama kwenye dawa na kidogo kibaki kwa ukarabati.

Sasa msimamizi nani? Hapo ndo pa kuangalia jamani. Tulimchagua binamu yetu, mtoto wa mama mdogo, kwa sababu anaishi karibu na ni damu yetu. Tukamwambia achukue asilimia 10 ya kodi kila mwezi kwa usumbufu. Hatukuandikiana kitu chochote. Ni ndugu, utaanzaje kumwambia ndugu asaini karatasi, ataona umemdharau, na mama naye angeuliza kwani mmeanza kushtakiana lini. Mkataba wa mpangaji aliusaini binamu yeye mwenyewe kama mwenye nyumba. Jina letu halikuwemo wala la mama halikuwemo. Tulilijua hilo na tukaona ni sawa tu, ni kurahisisha mambo.

Na kuna kitu kingine nilikifanya mimi, na hiki nakisema wazi kwa sababu naamini wengi walio nje wamekifanya. Nilimwambia binamu asimpe mpangaji namba yangu. Nilikuwa nafanya kazi zamu ya usiku, nikipata masaa manne ya kulala nashukuru, na tofauti ya saa kati ya huku na nyumbani ilikuwa inaniangukia vibaya, nikawa namuwazia mtu ananipigia saa tisa ya usiku wangu kuniambia kitasa kimekwama. Nikasema hapana, mambo yote yapitie kwa binamu, mimi nipewe ripoti mwisho wa mwezi.

Basi ripoti zikawa zinakuja. Mwezi huu mpangaji kalipa nusu, anasema biashara mbaya. Mwezi huu kalipa yote ila pampu ya maji imeungua. Mwezi huu paa, fundi kasema mabati matano yabadilishwe. Mwezi huu hajalipa kabisa, tumvumilie, ana watoto. Na sisi huku tunaongezea za mifukoni ili mama asikose dawa, tukikaa kwenye simu ndugu wanne tunamsema yule mpangaji maneno ambayo leo nikiyakumbuka nasikia aibu ya kweli, tukimwita msumbufu, mtu asiye na shukrani, dada akisema atolewe, kaka akisema tukimtoa tutampata wapi mwingine, na binamu akisema niachieni mimi nitaongea nae. Tuliomba risiti tukatumiwa picha. Mdogo wangu wa mwisho ndo alikuja kuona kwamba picha ya bomba lililopasuka tuliyotumiwa mwezi wa tano ni ileile ya mwezi wa kumi na moja, doa la rangi ukutani liko palepale na ndoo ya bluu imekaa palepale. Hata hapo tulisema labda amekosea kutuma.

Meseji ya mpangaji ilinikuta kwenye basi. Namba alikuwa ameipata kwa jirani mmoja, rafiki wa mama wa siku nyingi. Aliandika hivi, naikumbuka neno kwa neno kwa sababu nimeisoma mara nyingi: "Samahani dada kwa kukusumbua, sijui kama wewe ndo mwenye nyumba au ni ndugu yake, naomba tu mtuonee huruma kuhusu paa, watoto wanalala sebuleni mwaka wa pili sasa mvua ikinyesha."

Nilimpigia palepale nikashuka kituo ambacho sio changu. Tuliongea zaidi ya saa nzima, yeye ana daftari lake na mimi nina meseji zangu za benki, tukawa tunasomeana mwezi kwa mwezi. Hakuna mwezi aliokosa kulipa. Hata mmoja. Alikuwa analipa miezi sita sita mbele, yaani hela ambayo sisi tulikuwa tunaletewa vipande vipande tukiambiwa anasuasua ilikuwa imeshalipwa zamani yote. Kodi ilikuwa imepandishwa mara mbili, akaambiwa mwenye nyumba ameagiza kutoka nje, na sisi hatujawahi kuagiza kitu kama hicho. Pampu aliinunua yeye kwa hela yake. Mabati hayakuwahi kubadilishwa, ila kila akilalamika alikuwa anajibiwa mwenye nyumba amekataa, mwenye nyumba amesema kama hupataki hama. Ukipiga hesabu, karibu nusu ya alichokuwa anatoa yule mpangaji haikuwa inamfikia mama.

Halafu kuna habari ya stoo. Tulipopangisha tuliacha chumba kimoja cha nyuma kimefungwa, tukaweka humo vitu vya baba, makabati, cherehani ya mama, makaratasi ya familia. Mpangaji alikuwa na haki ya kununa kuhusu hicho chumba, unalipia nyumba nzima halafu kuna mlango hauruhusiwi kufungua, na nawashauri wenzangu kama mnapangisha toeni vitu vyenu vyote au mpunguze kodi kwa kiasi cha hicho chumba na muandike. Lakini kilichotokea ni kwamba chumba kile kilikuwa kimeshapangishwa kwa mtu mwingine, kijana mmoja anaingilia mlango wa uani, na mpangaji wetu alikuwa anadhani ni sisi tumemuweka, eti tumbane vizuri tupate hela zaidi. Alikaa na mtu asiyemjua kwenye uwa wa watoto wake zaidi ya mwaka akiamini ndo roho yangu ilivyo. Vitu vya baba hatujui vilipo mpaka leo. Cherehani ilirudi.

Nisieleweke vibaya kuhusu binamu. Nimemkasirikia sana, ila nikitulia naona na upande wake. Asilimia 10 tuliyompa haikuwa inatosha hata nauli, alikuwa anapanda magari mawili kwenda kuangalia mita ya maji, anapigiwa simu usiku na mpangaji kwa sababu mimi sikutaka kupigiwa, anaitwa na serikali ya mtaa, anagombana na mafundi, na sisi huku tukiambiwa gharama tulikuwa tunajibu baada ya wiki. Ulezi wa nyumba ni kazi kamili. Sisi tuliifanya iwe fadhila ya ndugu, na fadhila haina mshahara wala haina hesabu, kwa hiyo mtu anaanza kujilipa mwenyewe kidogo kidogo, mwanzo nauli, halafu vocha, halafu ada ya mtoto, mwisho hajui tena mpaka uko wapi. Hilo halimsafishi. Mama alipoambiwa alikataa kusikiliza mpaka mwisho, alisema nyumba ni yangu na mimi nipo hai, sitaki kusikia mtoto wa mdogo wangu anaitwa mwizi. Basi hatukumshtaki, hatukudai, na kwenye shughuli za familia tunasalimiana.

Kumuondoa nako ilikuwa safari. Kwa sababu mkataba una jina lake, kisheria yule mpangaji alikuwa anashughulika na yeye, sisi ni nani? Ikabidi tutengeneze hati ya uwakili ili wakili aweze kusaini mkataba mpya kwa niaba yetu, na mtu aliye nje akisikia hati ya uwakili asidhani ni kusaini karatasi na kuiskani. Unasaini mbele ya mtu anayetambulika kisheria huko uliko, halafu hati lazima ithibitishwe ili nchi nyingine iikubali. Kama nchi zote mbili zimejiunga na ule mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 unapata muhuri mmoja unaoitwa apostili na mambo yanaisha, kama nchi mojawapo haimo hati inazungushwa wizarani halafu ubalozini, kila dirisha na foleni yake na ada yake. Sasa zidisha mara tatu kwa sababu ndugu watatu tuko nchi tatu. Kaka alikosea herufi moja ya jina la mama akaanza upya. Ilituchukua miezi mitano. Na ongezeni hili, kwa kawaida hati ya uwakili inakufa pale aliyeitoa anapokufa, kwa hiyo kama mzee wenu ndo kamuandikia mtu hati na nyie mmelala mkijua mambo yako sawa, akiondoka mzee ile karatasi haina nguvu tena, mnaingia kwenye mirathi na mpangaji anabaki hajui amlipe nani.

Kodi ya serikali nayo msiisahau, mapato ya pango kwa kawaida yanatozwa pale nyumba ilipo hata kama wewe unaishi kwingine, sisi binamu alituambia analipa na hakuwa analipa, deni tulilikuta na faini yake.

Lakini nirudi kwenye kile kilichonifanya niandike. Mimi mwenyewe huku niliko ni mpangaji. Nimekaa kwenye nyumba ya mtu ambaye sijawahi kumuona, namjua wakala tu, na paa la bafu lilipoota ukungu niliambiwa hivyohivyo, tumemjulisha mwenye nyumba tunasubiri jibu. Nikawa nimejilaza naangalia ule ukungu nawaza, labda hata huyu mwenye nyumba yuko sehemu anaambiwa mpangaji wako ndo mchafu hafungui madirisha. Nikaanza kusoma. Uingereza wana sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, kifungu chake cha kwanza kabisa kinampa mpangaji haki ya kumuandikia anayepokea kodi au wakala amwambie jina na anwani ya mwenye nyumba, na huyo mtu ana siku 21 za kujibu kwa maandishi, asipojibu bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Niliposoma nilikaa kimya. Ni jambo dogo sana, jina na anwani tu. Kwetu sisi lingekuwepo na likafuatwa, yale yote ya miaka mitatu yangeisha wiki ya kwanza, kwa sababu yule mpangaji wetu angeniandikia kuhusu paa na mimi ningemwambia mbona nimeshalipia mabati.

Wenye nyumba wenzangu mlioko nje najua mtasema mpangaji akipata namba yangu nimekwisha. Nilidhani hivyo pia. Tangu tuanze kuongea moja kwa moja, kwa karibu miaka miwili, yule mpangaji alinitumia meseji labda mara kumi na mbili, zote za maana, na hakuna hata moja ya usiku wa manane kwa sababu nilimwambia masaa yangu akayaheshimu. Msimamizi bado yupo, tena muhimu, mtu wa kufika pale na kugusa ukuta unyevu kwa mkono lazima awepo, sisi sasa tuna kijana tunamlipa mshahara wake mbali, haugusani na kodi, na hapokei hela ya mpangaji hata senti. Kodi inaingia kwenye akaunti ya mama ambayo ndugu wote wanne tunaiona. Mkataba una majina yetu na namba zetu, na una mstari unaosema matengenezo madogo mpangaji ayafanye mwenyewe akate kwenye kodi kwa risiti, makubwa atume picha kwetu na kwa kijana kwa pamoja, kwenye kundi moja la WhatsApp ambalo tupo wote, ili asiwepo mtu wa kubeba maneno kutoka huku kwenda kule. Hicho kipande cha mwisho ndo kimesaidia kuliko vyote.

Vidio pia. Siku ya kuingia mpangaji azunguke chumba kwa chumba anarekodi, afungue kila koki, awashe kila taa, aonyeshe nyufa, aitume palepale ibaki na tarehe. Ugomvi wa dipoziti siku ya kuhama unakuwa ni wa nani alipasua sinki na nani alilikuta limepasuka, na kama mmoja yuko nje ya nchi hawezi kuja kuangalia, anaamini anachoambiwa. Rangi kupauka na zulia kuisha pale mlangoni huo ni uchakavu wa kuishi tu, mpangaji hawezi kulipishwa, sinki kupasuka ni kitu kingine.

Kwa hiyo ombi langu kupitia gazeti lako Mhariri. Wapangaji, kabla hujatoa hela uliza kwa maandishi nyumba ni ya nani na anapatikanaje, na kama dalali au ndugu anakwambia mwenye nyumba hataki kusumbuliwa, basi andika barua umwambie aifikishe na ubaki na nakala. Usikubali maneno ya "mwenye nyumba amesema" miaka mitatu bila kumsikia mwenye nyumba akisema. Na wenzangu wa nje, wapeni namba zenu. Wanaotunga sheria nao waangalie hicho kifungu kimoja, hakihitaji bajeti wala jengo jipya, kinahitaji tu mkataba wa pango usiwe halali bila jina la mwenye nyumba wa kweli na njia ya kumpata.

Yule mpangaji wetu amehama mwaka jana, kazi yake imempeleka mkoa mwingine. Dipoziti yake haikuwepo, ilishaliwa zamani. Tuliichanga ndugu watatu tukamrudishia kwa mafungu mawili na tukaongezea hela ya pampu, na paa tulikuwa tumeshalibadilisha lote mwaka wa nyuma yake, mabati 34 na sio matano. Siku ya kukabidhi funguo alituma vidio bila hata kuombwa, anatembea chumba kwa chumba, sebuleni, vyumba vya watoto, ile stoo ya nyuma imefagiliwa na iko tupu. Dada alimwonyesha mama. Aliiangalia mara mbili, ya pili akaomba isimamishwe pale jikoni, akasogeza simu karibu na uso wake, akauliza nani kabadilisha dirisha, hilo la zamani lilikuwa linafunguka kwa nje.

Ni mimi msomaji wenu,
Ughaibuni.